Nyanya Anakuja Harusini: Jinsi ya Kumpangia Msimu Mzima Nairobi

Harusi nyingi za Nairobi huangukia Aprili, Agosti na Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Ndiyo miezi ambayo babu na nyanya huitwa mjini, na wakishafika kila mtoto anadai zamu yake: wa Umoja anataka alale kwake, wa Rongai ameshanunua mbuzi, wa Kitengela ana mtoto mchanga ambaye nyanya hajamwona. Bado kuna siku ya mahari, bado kuna kikao cha ukoo, ndipo harusi yenyewe. Siku hiyo inapofika, nyanya ana miguu iliyovimba na macho mazito, na saa ya kubariki inamkuta akisinzia kitini. Pesa za harusi hupigiwa hesabu hadi shilingi ya mwisho. Nguvu za nyanya hazipigiwi hesabu na yeyote, na nazo zina kikomo. Maelezo haya yanahusu hesabu hiyo. Tunasema nyanya, kwenu huenda ni bibi, shosho, susu au dani, na babu naye yumo.

Ratiba kwanza, tiketi baadaye

Anza na siku ya harusi kisha urudi nyuma. Siku 2 kabla ya harusi nyanya hapokei mgeni wala hatoki. Kabla ya hapo, kila siku ya shughuli ifuatwe na siku nzima ya kukaa tu. Shughuli ni moja kwa siku, na isizidi saa 4 au 5 tangu atoke mlangoni hadi arudi. Harusi ikiwa Jumamosi, basi afike Jumatatu ya wiki iliyotangulia. Jumanne na Jumatano alale na kuzoea nyumba. Alhamisi amwone mtoto mchanga wa Kitengela, au bora zaidi, mtoto aletwe kwake. Jumamosi mkusanyiko wa familia. Jumapili na Jumatatu apumzike. Jumanne ziara moja fupi. Kuanzia Alhamisi, milango ifungwe.

Mahari huvuruga ratiba hii mara nyingi kwa sababu hupelekwa kwao msichana, na huko huwa mashambani. Kama nyanya anaishi huko huko, shughuli hiyo iishe kabla hajasafiri. Kumleta mjini, kumrudisha Murang'a au Machakos kwa ajili ya siku moja, kisha kumleta tena, ni safari 3 kwa mgongo ambao ungeweza kuvumilia 1.

Chagua pia nyumba moja ya kulala, na wengine wote waje hapo. Isiwe kubwa kuliko zote wala ya mtoto mwenye uwezo kuliko wote. Iwe ya chini au yenye lifti isiyokwama, choo kiwe hatua chache kutoka kitandani, na mchana kuwe na mtu. Ugomvi wa zamu utatokea, na ni afadhali utokee kwenye simu mwezi mmoja kabla kuliko mbele ya nyanya. Kumhamisha kila baada ya usiku 2 kunamlazimu kujifunza choo kipya gizani kila mara. Mwili huzoea njia. Akiamka saa 8 usiku, miguu inaifuata nyumba ya jana, na hapo ndipo anapojikwaa.

Safari ya kuja

Basi la usiku ni rahisi kwa anayekata tiketi na gumu kwa anayesafiri. Linafika mjini alfajiri baridi ikiwa kali, na River Road au kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus si mahali pa mzee kusimama na mizigo akisubiri kuchukuliwa. Mkatie la asubuhi. Kiti kiwe mbele, karibu na njia ili aweze kunyoosha mguu, lakini si juu ya gurudumu, maana hapo magoti hukunjwa na mtikiso ni mwingi. Kila basi linaposimama, ashuke atembee dakika 5. Akiwa kitini, azungushe vifundo vya miguu mara 20 kila saa, damu isituame.

Wazee wengi hukataa kunywa maji safarini kwa kuhofia choo. Akifika ana kizunguzungu na maneno yanachelewa, watu wanasema ni uzee, kumbe ni kiu. Muulize kondakta kabla ya kuondoka basi litasimama wapi, umwambie nyanya, naye akishajua choo kipo mahali fulani atakunywa mwenyewe. Nusu lita kwa kila saa 3 inatosha, isipokuwa daktari amempimia maji.

Anayetoka Mombasa apande treni ya SGR. Ina vyoo na haina matuta. Abiria hupanda Miritini na kushuka Syokimau, nje ya katikati ya mji, kwa hiyo mpokee Syokimau na gari, na umhesabie saa nzima ya ukaguzi wa mizigo kabla ya treni kuondoka.

Dawa zikae kwenye mkoba anaoushika mkononi, kamwe si kwenye buti la basi. Zibaki kwenye pakiti zake zenye majina, na ziwe za siku 7 zaidi ya siku anazokusudia kukaa. Kitambulisho na karatasi za hospitali viwe humo humo, pamoja na kipande cha karatasi chenye namba za simu za watu 2 wa Nairobi. Simu huzima.

Nyumba

Kabla hajafika, tembea kutoka kitanda chake hadi chooni taa zikiwa zimezimwa. Utakayoyagonga ndiyo atakayoyagonga. Zulia dogo lisiloshika sakafu liondoke kabisa, waya wa televisheni ufuate ukuta, na taa ndogo ibaki ikiwaka usiku kucha. Akikaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili ziguse sakafu na magoti yakunjike vizuri. Kwa wengi ni kimo cha sentimita 45 hadi 50. Godoro lililowekwa chini kwa sababu vitanda vimejaa wageni ni la vijana.

Bafu ndilo hatari kubwa. Vigae vya nyumba za Nairobi vikilowa sabuni huteleza vibaya. Weka mkeka wa mpira wenye vinyonyeo, na kiti imara cha plastiki aoge ameketi. Bomba la taulo si la kushikilia, hung'oka. Mwite fundi atoboe ukuta afunge mshikio wa chuma kando ya choo. Kama hajawahi kutumia bafu la maji moto ya stima, mwonyeshe swichi mchana, afungue na kufunga yeye mwenyewe mara 2 au 3. Na kama anapenda karai, mpe karai.

Nyumba ikiwa ghorofani bila lifti, mfundishe ngazi kabla hazijawa za haraka. Akipanda, mguu usiouma hutangulia. Akishuka, mguu unaouma hutangulia. Fimbo hushikwa kwa mkono ulio kinyume na mguu unaouma, watu wengi hukosea hapo. Kimo chake kipimwe akiwa amevaa viatu, mikono ikining'inia: kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Fimbo ndefu kupita hapo humwinua bega na kumuumiza shingo jioni. Ncha yake iwe na raba, na raba iliyolika ibadilishwe.

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi huwa ya baridi kwelikweli. Nyanya wa Nyeri atacheka. Wa Lamu au Kisumu atatetemeka. Mpe blanketi 2 nyepesi badala ya moja zito, soksi za kulalia, na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo. Jiko la makaa lisiingizwe chumba cha kulala, hata kwa dakika 10 za kuondoa baridi. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Mkusanyiko wa familia

Watu 30 nyumbani ni wengi wa kutosha. Kwa hesabu ya jikoni: mchele kilo 4, nyama yenye mifupa kilo 6, chapati 60 ambazo zinataka pakiti 3 za unga za kilo 2, na chai ya maji lita 6 kwa maziwa lita 5. Sufuria ya nyanya iwe kando. Nyama choma ya mbuzi ni tamu kwa mwenye meno. Yeye achemshiwe paja hadi liachane na mfupa, chumvi kidogo kama ana presha, na mukimo au ugali laini. Ale saa yake ya kawaida hata kama wageni hawajafika. Kumngojesha mzee chakula kwa heshima ya wageni ni heshima iliyokosa njia.

Wajukuu wasimwendee wote pamoja. Nyanya aliyezungukwa na watu 12 wanaosalimia kwa mpigo hasikii hata jina moja, anabaki kutabasamu tu. Waketi kando yake wawili wawili, dakika 15, upande wa sikio linalosikia, kila mmoja aseme jina lake na la mzazi wake kabla ya lolote. Wengi wa watoto wa mjini huelewa nusu ya lugha ya nyumbani na kuijibu kwa Kiswahili au Sheng. Teua mtu mmoja wa kutafsiri, shangazi au mjomba, na kazi yake iwe hiyo tu.

Mpe kazi pia. Nyanya aliyekalishwa kama mgeni wa serikali huchoka kuliko aliye na sinia la maharagwe ya kuchambua. Kazi iliyo bora kuliko zote ni jioni moja na bi harusi, wawili tu, mlango umerudishwa. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba. Kama bi harusi ndiye huyo, nyanya anayeketi naye anamwona aliyebeba jina lake akianza nyumba. Msiweke wapambaji wala fundi wa nguo katika jioni hiyo. Nyanya akikubali kurekodiwa, laza simu juu ya leso iliyokunjwa karibu naye, zima mawimbi ya mtandao ili isilie, kisha muisahau.

Mavazi na siku ya mahari

Kitenge cha harusi kishonwe wiki 3 kabla, kwa vipimo vya mwezi huo, si vya harusi ya miaka 4 iliyopita. Aliye karibu naye ampime kifua, kiuno, nyonga, upana wa mabega na urefu hadi kifundo cha mguu, na fundi aongeze sentimita 5 za nafasi. Vifungo viwe mbele, kwa sababu zipu ya mgongoni inataka mtu wa pili kila aendapo haja. Pindo lisiguse ardhi. Viatu visiwe vipya. Viwe vya bapa, vyenye mkanda, alivyokwisha kuvivaa wiki 2. Ukilazimika kununua, nunua alasiri miguu ikiwa imepanuka. Hata Desemba, sweta na shuka vibebwe, maana jua la Nairobi likizama ubaridi haukawii.

Siku ya mahari nyanya ana haki zake, na upande wa mvulana usisubiri kukumbushwa. Katika ruracio ya Wakikuyu hutajwa mablanketi na leso za akina mama, na koti kwa wazee. Wakamba wana ntheo, mbuzi wa kuthibitisha ndoa. Wajaluo wana ayie, idhini ya mama. Orodha hutofautiana hata kati ya nyumba na nyumba, kwa hiyo mtume mzee mmoja aulize mapema. Kosa la kawaida ni kununua blanketi moja kwa "nyanya" huku nyanya wakiwa wawili, mzaa baba na mzaa mama. Anayekosa hatasema kitu, lakini binti zake watasema kwa miaka.

Kama ndoa ni ya kimila, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka wanandoa wamjulishe msajili ndani ya miezi 3 baada ya taratibu za kimila kukamilika. Ni nani anayejua zimekamilika? Nyanya na babu. Waulizeni wakiwa bado mjini, tarehe iandikwe.

Siku ya harusi

Aamke saa yake, aoge, ale uji na kitu kigumu, anywe dawa. Asiamshwe saa 10 alfajiri kwa ajili ya wapambaji. Nywele zake zisukwe jana yake.

Gari lake lisiwe la juu sana wala la chini sana: kiti kiwe usawa wa nyonga zake. Mlango ufunguliwe kabisa, na kiti kisukumwe nyuma hadi mwisho. Ageuke alipe gari mgongo, arudi nyuma taratibu hadi nyuma ya magoti yaguse kiti, ashike mwili wa gari (si mlango, mlango hutembea), aketi huku umemkinga kichwa kwa kiganja, kisha aingize miguu mmoja mmoja. Mfuko wa plastiki uliotandikwa kitini humsaidia kuzunguka bila kukwama kwa nguo; akishaketi vizuri uondoe, asije akateleza breki ikikanyagwa. Anayemvuta mzee kwa mikono ili asimame humtegua bega. Mpe mkono wako aushike yeye.

Mtangulize mtu uwanjani saa 1 kabla. Kazi yake ni hii: kiti chenye mikono na mto mwembamba, kiwe ukingoni mwa safu ya mbele, mbali na spika. Viti vya plastiki visivyo na mikono huzama kwenye nyasi, na mzee hana pa kujiinulia. Jua la alasiri huingia hemani kutoka magharibi, kwa hiyo upande huo ushushwe kitambaa au nyanya akae upande wa mashariki. Aprili ni mvua: asikae chini ya mahali hema mbili zinapoungana, hapo ndipo maji humwagika, wala kwenye bonde la uwanja. Kisha mtu huyo aende chooni kabisa, ahesabu ngazi. Vyoo vya kukodi huwa na ngazi ya juu na mlango mwembamba. Mwenye uwanja karibu kila mara ana choo cha ndani. Omba ufunguo mapema.

Awe na mlezi mmoja, mwenye jina, asiye msimamizi wala mpiga picha wala mpishi. Mjukuu wa miaka 16 hadi 20 anafaa sana. Mkoba wake uwe na maji, ndizi 2, biskuti, soda ndogo, dawa za mchana, shuka, tishu na chupi ya akiba.

Soda hiyo si ya starehe. Ratiba husema chakula saa 7 mchana, sahani hufika saa 9 au 10. Mwenye kisukari aliyemeza dawa asubuhi anaweza kushukiwa na sukari hapo katikati: anatetemeka, anatoka jasho baridi, anasema maneno yasiyoungana, au anakuwa mkali ghafla. Mpe soda yenye sukari nusu kikombe, karibu mililita 150, au vijiko 4 vya chai vya sukari katika maji. Ngoja dakika 15. Kama hajabadilika, rudia, kisha ale chakula. Asiyeweza kumeza au aliyezirai asitiwe kitu mdomoni. Apelekwe hospitali mara moja. Ambulensi ya Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199. Dawa nayo isirukwe kwa sababu chakula kitachelewa. Suluhisho ni kumbebea chakula chake, na hakuna mpishi wa kukodi atakayekasirika kuona nyanya akila wali wake kwenye mkebe saa 7 kamili.

Picha ya familia ipigwe mara tu baada ya ibada, nyanya akiwa wa kwanza kuitwa na wa kwanza kuachiliwa. Mpiga picha apewe orodha ya makundi: nyanya na maharusi, nyanya na watoto wake, nyanya na wajukuu wote. Hizo 3 kisha akakae. Bila orodha atasimamishwa mara 15.

Baraka nazo ziwekwe mapema, kabla ya keki na kabla ya zawadi, asubuhi yake ikiwa bado imo mwilini. Mjulishe siku 3 kabla kwamba ataitwa, aseme kwa lugha yake, dakika 5. Mjukuu amshikie maikrofoni, upana wa vidole 3 kutoka mdomoni, akiifuata midomo inapogeuka; mzee akiishika mwenyewe huiteremsha hadi kifuani na sauti hupotea. Maharusi wapige magoti au waketi chini yake ili asiinuke. Mfawidhi aambiwe waziwazi: nyanya hakatizwi, muziki hauingii juu ya sauti yake, na akinyamaza katikati anapumua, hajamaliza. Mtafsiri aseme baada yake, si juu yake.

Saa 10 na nusu aondoke. Foleni za Nairobi Jumamosi jioni zinaweza kula saa 2, na safari hiyo asiifanye akiwa na njaa na gizani. Kukata keki ataonyeshwa kwenye simu.

Kurudi

Asisafiri Jumapili. Mpe siku 2, miguu ikiinuliwa juu ya mto nusu saa asubuhi na jioni. Uvimbe wa miguu yote miwili mara nyingi huisha kwa kupumzika. Mguu mmoja tu ukivimba, ukiuma na kuwa na joto, huenda damu imeganda, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Nauli na pesa za mkononi mtumie kwa simu akiwa kwako, mwangalie pamoja salio, na umkumbushe kwamba namba ya siri haipewi mtu, hata anayejiita wa kampuni ya simu.

Kabla wiki haijaisha, chapisha picha za karatasi, hizo 3, na uandike majina nyuma kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, kwa mpangilio wa kusimama kutoka kushoto. Zitume na dereva wa gari la kwao. Majirani watakapokuja kumuuliza kuhusu harusi, atazitoa moja moja na kuwaonyesha nani ni nani.